India ya Nehru, na Maji Ambayo Hakunyimwa

Nilinunua The Discovery of India kwa muuza vitabu wa kando ya barabara, katikati ya jiji, kwa bei ya chakula cha mchana. Jalada limechanika, kurasa zimegeuka manjano. Mwenyewe wa kwanza alipigia mistari kwa kalamu nyekundu mpaka ukurasa wa 60 hivi, kisha akaacha. Nilimwelewa. Kitabu kina kurasa zaidi ya 500, na Jawaharlal Nehru si mtu wa kuharakishwa.

Bado nakwambia kisome. Kisome, halafu ugombane nacho.

Agosti 1942 Waingereza walimkamata Nehru pamoja na viongozi wenzake wa chama cha Congress, wakamfungia katika ngome ya Ahmadnagar. Alikaa ndani karibu miaka mitatu. Mwaka 1944, kwa muda wa miezi mitano, akaandika kitabu hiki, kikachapishwa 1946. Ndani ya ngome alikuwa na wasomi kama Abul Kalam Azad wa kujadiliana nao, na mazungumzo hayo unayasikia. Anatoka miji ya kale ya bonde la Indus, anampitia Buddha, Ashoka, Akbar, anafika kwa Waingereza. Na mapema kabisa, kabla ya safari hiyo ya historia, anakuketisha kando ya kitanda cha mkewe Kamala, aliyefariki 1936. Vitabu vya kutambulisha nchi huwa vinaandikwa kama kitabu cha simu. Hiki kimeandikwa na mtu mwenye huzuni.

Kuna mahali pazuri sana. Nehru yuko vijijini akihutubia wakulima, nao wanapiga kelele za kumsifu Mama India. Anawauliza: huyu mama ni nani? Wanaangaliana. Mmoja anajibu kwamba ni udongo. Udongo upi, Nehru anamsukuma, wa kijiji chenu au wa India nzima? Mwishowe anawaambia: mama huyo ni nyinyi wenyewe, mamilioni yenu.

Nilipofika hapo nilishangilia. Baadaye nikaanza kujikuna kichwa. Hao "nyinyi" ni akina nani hasa?

Hoja ya Nehru ni umoja. Kila aliyeingia India, awe mshindi au mfanyabiashara, alimezwa na kuongeza tabaka jipya la maandishi juu ya ukurasa wa zamani bila kufuta yaliyopo. Hoja hiyo ilikuwa na kazi. Mkoloni alikuwa anasema India si taifa, ni fujo ya makabila na dini inayohitaji mzungu wa kuisimamia. Umewahi kusikia hadithi kama hiyo mahali pengine? Basi unajua kwa nini ilibidi ajibiwe.

Shida ni kwamba umoja huu umetazamwa kutoka barazani. Nehru ni mtoto wa wakili tajiri, Mbrahmini wa Kashmir, aliyesomea Harrow na Cambridge. Mfumo wa matabaka ya kuzaliwa anaueleza kwa kirefu, na anasema wazi kwamba lazima uondoke. Lakini anaueleza kama mtu anayekagua mashine kuukuu: ilianzaje, ilisaidia nini, iliharibika wapi. Hakuna mahali inapomkata kidole.

Sasa weka kando yake B. R. Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwa walioitwa "wasioguswa". Annihilation of Caste ilikuwa hotuba ya 1936. Waandaaji wa mkutano huko Lahore walipoiona kabla ya siku yenyewe waliogopa, mkutano ukafutwa, naye akaichapisha mwenyewe. Katika kumbukumbu zake fupi, Waiting for a Visa, kuna mtoto ambaye shuleni haruhusiwi kugusa bomba la maji. Mpaka tarishi amfungulie ndipo anywe. Kuna pia kijana aliyerudi kutoka kusoma New York na London, akapata kazi Baroda, akakosa nyumba. Alijiandikisha kwa jina la Kiparsi katika nyumba ya wageni ya Waparsi. Wakamgundua, wakaja na fimbo, wakamfukuza. Kama umewahi kutafuta nyumba ya kupanga na ukaulizwa jina la pili kabla ya deposit, huhitaji mkalimani.

Historia nayo ilimsahihisha Nehru haraka. Mohenjo-daro na Harappa, misingi ya hadithi yake, mwaka mmoja tu baada ya kitabu kutoka vilikuwa Pakistan.

Na sisi je? India yetu ni chapati, gari na laki, maneno tuliyoyazoea mpaka tukasahau yalikotoka. Ni vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kujenga reli kuanzia 1896. Ni Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab, aliyesimama Kaloleni, Nairobi, Aprili 1950 akadai uhuru wa Afrika Mashariki, kisha akafungiwa kizuizini mpaka 1961. Kijiji alichozaliwa leo kiko Pakistan. Utamtambulishaje mtu kama huyo kwa kitabu cha nchi moja?

Kenya yetu pia huletwa kwa wageni vivyo hivyo: makabila zaidi ya 40, wimbo mmoja wa taifa, tabasamu. Anayesimulia kwa kawaida ana nyumba na maji.

Kwa hivyo nimeendeleza kazi ya yule wa kalamu nyekundu, ila yangu ni ya bluu. Kuanzia ukurasa wa 60, kila Nehru anaposema "sisi", naandika pembeni neno moja: nani? Pembeni pameshajaa, na bado nina kurasa 200.