Nuru ya Buluu na Rangi za Matumbawe

Aliyewahi kupiga mbizi Chumbe au Kisite anajua kwamba matumbawe mengi ni ya kahawia. Kahawia hiyo hutokana na mwani mdogo mno unaoishi ndani ya nyama ya tumbawe, unaonasa nuru na kumlisha mwenyeji wake sukari. Ndiyo maana tumbawe la zambarau likikaa wiki kadhaa chini ya taa hafifu kwenye tangi, mara nyingi hugeuka kahawia: mwani huongeza klorofili ili kunasa nuru kidogo iliyopo, na mnyama, yaani tumbawe lenyewe, naye huacha kutengeneza rangi zake.

Rangi za mnyama ni protini, ndugu wa ile ya kijani ambayo Osamu Shimomura aliitenga kutoka kwa yavuyavu mwaka 1962 na baadaye ikampa Tuzo ya Nobel ya 2008. Kinachofanya tumbawe lizitengeneze kilielezwa vizuri mwaka 2008, katika kazi ya Cecilia D'Angelo, Jörg Wiedenmann na wenzao. Waliyaweka matumbawe, yakiwemo ya jamii ya Acropora, chini ya nuru za rangi na nguvu tofauti, kisha wakapima protini hizo. Nuru ya buluu ndiyo iliyozichochea, hata zile nyekundu. Lakini naona tokeo lao jingine lina manufaa zaidi kwa mfugaji wa matumbawe: protini hazichochewi zote kwa kiwango kimoja. Baadhi huongezeka kwa nuru ndogo tu. Nyingine, hasa za zambarau na buluu zisizong'aa, huzidi kadiri nuru inavyozidi. Anayelalamika kwamba kijani chake kimependeza ila zambarau haitokei huenda hahitaji taa ya rangi nyingine. Anahitaji nguvu.

Kwa nini buluu? Maji ya bahari humeza nuru nyekundu katika mita chache za juu, na buluu hushuka mbali. Kwa tumbawe, wingi wa buluu ni habari kwamba jua limekaribia, na rangi hizi ni mwavuli wake. Tazama ncha za Acropora zinazokua: mwani ni haba pale, mifupa myeupe ya chokaa inarudisha nuru ndani ya nyama, na ndipo zambarau inapokolea. Mwaka 2020 kundi hilohilo la watafiti, Elena Bollati akiongoza, lilionyesha kwamba hata baadhi ya matumbawe yanayopauka hulipuka kwa rangi kali, kwa sababu mwani ukipungua nuru hujaa ndani na mnyama huongeza kinga ili mwani upate kurudi. Kwa hiyo rangi ya kuvutia si cheti cha afya. Tumbawe la rangi nyepesi zinazowaka, lisilorefuka mwezi hadi mwezi, lichunguzwe kabla ya kusifiwa.

Ukuaji una hesabu yake. Mchana tumbawe hujenga chokaa takriban mara 3 ya kasi ya gizani, kwa nguvu inayotokana na sukari ya mwani. Nuru ikiongezwa, sukari huongezeka hadi kikomo. Ikipita hapo haileti faida, na ikizidi sana huunguza mwani wenyewe. Rangi ya nuru pia ina uzito: mwaka 2014 Tim Wijgerde na wenzake walipolea matumbawe ya Stylophora pistillata chini ya nuru nyekundu peke yake, yalidhoofu na kufa kwa wingi kuliko yale ya chini ya buluu. Na taa yoyote haina maana kama maji yameishiwa kalisi na alkali, kwani mifupa hujengwa kwa vitu hivyo.

Katika tangi, wafugaji wengi huyapa matumbawe laini maikromoli 50 hadi 150 za nuru kwa kila mita ya mraba kwa sekunde, na Acropora 250 hadi 400. Jua la adhuhuri la tropiki hukaribia 2,000 juu ya maji. Jicho halifai kupimia hapa, maana nuru ya buluu huonekana hafifu kuliko nguvu iliyo nayo. Mtu huona giza, akaongeza, na wiki inayofuata tumbawe limepauka. Bora kuazima kipimo.

Taa ya buluu tupu ina hila nyingine. Karibu na nanomita 450 protini zinazong'aa huwaka kama makaa, na tumbawe la kawaida likauzwa kwa bei ya lulu. Mnunuzi aombe taa nyeupe iwashwe. Aulize pia limelelewa chini ya nuru kiasi gani, kisha akifika nyumbani aanze chini ya kiasi hicho na kukipandisha polepole kwa wiki kadhaa. Na kama mbegu ya tumbawe hilo haina vinasaba vya kutosha vya rangi nyekundu, kama ilivyodhihirika kwa Acropora millepora, taa haitaileta.