Machozi ya Mamba na Machozi ya Kitunguu

Msemo wa "machozi ya mamba" umezoeleka mno katika tungo za kulaumu unafiki, hata watunzi wengi huutia kwenye ubeti kwa kutafuta kina tu. Kila aliaye bila uchungu huitwa mamba. Hapo ndipo msemo unapopotea njia.

Asili yake ni kisa. Katika kitabu cha safari kinachonasibishwa na John Mandeville, kilichoenea Ulaya tangu karne ya 14, yumo mnyama amuuaye mtu kisha akamla huku akilia. Waarabu nao husema "dumu'u al-tamasihi" kwa maana iyo hiyo. Kisa hicho kina nguzo tatu: mlaji, mliwa na chozi, na chozi ni la mlaji. Ikikosekana nguzo moja, mfano huanguka.

Ruaha Mbuyuni, mkoani Iringa, pana kipimo kizuri cha jambo hili. Ruaha Mkuu, mto wenye mamba, hupita hapo karibu na barabara kuu iendayo Iringa na Mbeya. Na papo hapo hulimwa vitunguu, vikauzwa kando ya barabara. Mkata kitunguu hutokwa na machozi kwa ukali upandao machoni. Hana huzuni, wala hana hatia. Aliaye msibani kwa kufuata desturi, au kwa kuchelea macho ya majirani, yu upande wa kitunguu. Aliyedhulumu mirathi ya yatima, kisha akawa wa kwanza kuangua kilio, huyo ndiye mamba. Wahenga walikwisha kumtaja kwa maneno mawili: kufa kufaana.

Mnyama mwenyewe anao utetezi. Mwaka 2006, huko Florida, Kent Vliet alipiga picha za video jamaa 7 wa mamba wakati wa kula. 5 kati yao walitokwa na machozi. Chozi lipo, basi, ila huja pamoja na tendo la kula. Unafiki uliongezwa na binadamu.

Hatari ya msemo huu aliiona Shakespeare. Katika Othello, mume ampiga mkewe Desdemona hadharani, kisha ayafananisha machozi yake na mamba. Mtazamaji ajua kuwa mwanamke hana kosa na kilio chake ni cha kweli. Mwishoni ni Othello mwenyewe aliaye kitandani pa mkewe, kisha akamuua. Nguzo zote tatu zimetimia, lakini kwa mshitaki.

Kwa hiyo mtunzi atakaye kuliandika neno hili na ajiulize kwanza: huyu anayelia, amemla nani? Akikosa jibu, kina kingine na kitafutwe. Kumwita mfiwa mamba ni kumzidishia msiba, na shairi likishaimbwa halirudi.