Usiku wa Wavuvi wa Sambaza

Jioni, ukiwa ufukweni mwa Ziwa Kivu, Goma, utaona mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, miti mirefu ya mikaratusi ikichomoza mbele na nyuma kama vipapasio vya panzi. Watalii huipiga picha, kisha hurudi hotelini. Kazi yenyewe inaanza wao wakiwa mezani.

Sambaza mwenyewe ni mgeni wa juzi. Ni jamaa ya dagaa, aliyeletwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwaka 1959, kwa kuwa huku katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vinavyoelea. Kumvua kwa taa nako ni ujuzi uliotoka Tanganyika.

Wavuvi wanaondoka kwa kasia na wimbo; mmoja anaanzisha, wengine wanaitika. Wimbo huo si wa kuwafurahisha wageni. Mitumbwi mitatu ni mizito kugeuza, na makasia yakipishana miti inavutana, kamba zinalegea. Sauti ndiyo inayoshika mwendo.

Wakifika, wavu unashushwa na taa zinawashwa juu yake. Zamani zilikuwa za mafuta, siku hizi nyingi ni za betri. Usiku vijidudu hupanda, sambaza hufuata, na mwanga huwakusanya. Kujificha chini sana hawawezi: Kivu ina kina cha mita 485, lakini ukishapita mita 60 au 70 hivi, maji hayana oksijeni, yamejaa gesi. Uvuvi wote huu unategemea tabaka jembamba la juu.

Kinachonistaajabisha zaidi ni kule kungoja. Kijana akiona maji yanameta hutaka kuvuta papo hapo. Mzee ananyamaza. Anawaacha samaki wa pembeni waingie katikati, ndipo atoe neno, na pande zote za wavu zipande pamoja. Upande mmoja ukitangulia, samaki wanamwagikia upande wa pili. Watarudia hivyo mara kadhaa hadi alfajiri. Mwezi ukiwa mpevu huambulia kidogo, maana taa haishindani na mbalamwezi.

Asubuhi, sokoni Kituku, mahakimu ni akina mama wenye mabeseni. Sambaza wa mvuvi stadi ni wazima, wanang'aa, hawajapondeka. Vikionekana vitoto vingi mno, mama anajua kwamba kuna aliyevua kwa chandarua cha mbu, na hasiti kumwambia mbele ya watu.