Tambopata: Mkataba Ulio Nyuma ya Kila Mnyama Anayeonekana

Mtu aliyezoea Serengeti au Maasai Mara akiingia msitu wa mvua kwa matarajio yaleyale, hakosi kuvunjika moyo. Mbugani gari hupanda mwinuko kidogo, dereva akaangaza macho, na simba akaonekana toka mbali. Katika msitu wa Amazon paa la majani liko mita 30 hadi 40 juu ya kichwa, mwanga unaofika ardhini ni kama asilimia 2 tu, na wanyama wengi ama hutembea usiku ama hawashuki mitini. Jicho linakwama kwenye majani ya karibu. Ndiyo maana loji ya msituni ina kazi ambayo loji ya mbugani haina: inabidi iandae namna ya mnyama kuonekana. Posada Amazonas, iliyoko kando ya mto Tambopata kusini-mashariki mwa Peru, imeifanya kazi hiyo tangu 1998, na inafaa kuchambuliwa kwa sababu mpango wake unajulikana hatua kwa hatua. Hoja yangu ni kwamba vifaa vinavyosifiwa kwenye matangazo vinafanya sehemu ndogo tu ya kazi hiyo. Sehemu kubwa inafanywa na makubaliano kuhusu nani anafaidika mnyama akiendelea kuwa hai.

Tuanze na vifaa, maana havistahili kudharauliwa. Vyumba vya loji vina upande mmoja usio na ukuta wala dirisha, ukitazama msitu moja kwa moja, hivyo mgeni aliyelala ndani ya chandarua husikia kima wanaounguruma alfajiri kabla hajatia mguu nje. Upo mnara wa chuma wenye ngazi, urefu wake zaidi ya mita 30, unaompandisha mtu hadi kwenye kimo ambako ndege wanapita. Vipo vibanda vya kujificha karibu na kingo za udongo, wenyeji wakiziita kolpa, ambako kasuku na makao, wale kasuku wakubwa wenye mikia mirefu, hutua asubuhi kula udongo. Lipo pia ziwa la Tres Chimbadas, lenye umbo la mwezi mwandamo, lililobaki mto ulipobadili mkondo wake. Hapo wageni hupanda jukwaa la mbao lililofungwa juu ya mitumbwi miwili, likasukumwa kwa kasia bila injini. Wanaotafutwa ni fisi-maji wakubwa wa Amazon, mnyama anayeweza kufika urefu wa karibu mita 1.8, anayeishi kwa familia na kuvua mchana kweupe. Kila mmoja ana mabaka meupe kooni yasiyofanana na ya mwenzake, kwa hiyo anapoinua shingo juu ya maji kuwachungulia wageni, kiongozi mzoefu anamtambua ni yupi. Utafiti wa Shirika la Zoolojia la Frankfurt katika mkoa huu wa Madre de Dios ulionesha kwamba usumbufu wa mitumbwi unadhuru malezi ya watoto wao, na hapo ndipo ulipotoka utaratibu wa kuifunga sehemu ya ziwa ili familia ipate mahali pasipofikiwa na mtu.

Sasa tazama kila kimoja cha vitu hivyo kinategemea nini. Ziwa lina samaki, na samaki wana wavuvi. Kolpa inajulikana na kila mwindaji, kwa sababu nguruwe-mwitu na tapiri nao hufuata udongo wa aina hiyo, na hakuna mahali rahisi pa kuvizia kuliko pale mnyama anaporudi mwenyewe. Mnara hauna faida juu ya msitu uliokatwa. Ardhi yenyewe, takriban hekta 10,000, ni mali ya jamii ya Infierno, mchanganyiko wa Waese Eja, ambao ni wenyeji wa asili, na familia za wahamiaji wa mtoni na wa milima ya Andes. Jamii hiyo ilipata hati ya ardhi mwaka 1976, miaka 20 kabla ya mkataba wa loji kusainiwa. Kwa hiyo kampuni ya Rainforest Expeditions ilipokuja na wazo la biashara, haikumkuta mwanakijiji wa kufukuzwa wala wa kuombewa ajira. Ilimkuta mwenye ardhi.

Mkataba uliosainiwa 1996 ulipanga faida igawanywe asilimia 60 kwa jamii na 40 kwa kampuni, na maamuzi yafanywe nusu kwa nusu kupitia kamati iliyochaguliwa na wanajamii. Muda wake ulikuwa miaka 20, na lengo likatajwa tangu mwanzo: mwishoni jamii iwe na uwezo wa kumiliki na kuendesha loji yenyewe. Wengi wanaousimulia mkataba huu huishia kwenye ile 60 kwa 40, kwa kuwa namba inavutia. Mimi naona kifungu cha nusu kwa nusu ndicho kizito zaidi. Faida hugawiwa baada ya mwaka kufungwa. Maamuzi hufanyika kila wiki, na ndani ya maamuzi hayo ndimo watu wanamobishana kuhusu njia ipi ipigwe marufuku kuwindia, nani aajiriwe mwaka huu, na ziwa litembelewe saa ngapi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni tai wa harpi. Huyu ni miongoni mwa tai wakubwa kabisa duniani, anakula kima na wale wanyama wazembe wanaoning'inia mitini waitwao slothi, na hujenga kiota juu ya miti mirefu mno, mara nyingi mti wa njugu za Brazil au msufi. Jozi moja hulea kinda mmoja tu kila baada ya miaka miwili au mitatu. Ndege wa namna hii akiuawa mmoja, eneo linaweza kukaa miaka bila kinda. Infierno ikaweka utaratibu kwamba familia iliyogundua kiota na kukilinda ilipwe ada kwa wageni wanaokuja kukitazama. Fikiria maana yake kwa mtu anayetembea msituni akiokota njugu: ule mti mrefu wenye rundo la vijiti juu yake unageuka kuwa na thamani kwa nyumba yake mwenyewe, msimu baada ya msimu, alimradi kinda asisumbuliwe. Hakuna darubini inayoweza kufanya kazi hiyo, kwa sababu darubini huanza kufaa tu baada ya mtu kukionesha kiota kiko wapi na kukubali kukiacha.

Kuna pingamizi la haki hapa. Mtu atasema makao hawali udongo kwa sababu ya mkataba. Ni kweli. Magharibi mwa Amazon ni mbali na bahari, mvua yake haibebi chumvi ya kutosha, na tafiti zilizofanywa Tambopata, hasa za Donald Brightsmith, zinaelekeza kwenye sodiamu kuwa sababu kuu, ingawa wapo waliopendekeza kwamba udongo hupunguza sumu za mbegu. Kolpa ni kazi ya jiolojia, na bahati ya mahali haiwezi kutungwa mezani. Lakini jiolojia inaeleza kwa nini ndege wanataka kutua, haielezi kwa nini wanathubutu. Makao huzunguka hewani muda mrefu kabla ya kushuka, na kelele moja tu inatosha kundi zima kuruka. Ukingo unaopigiwa bunduki unabaki na sodiamu yake ileile. Kinachopotea ni ndege.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa watu wanaoijua Infierno vizuri. Mwanaanthropolojia Amanda Stronza, aliyeifuatilia jamii hii kwa miaka mingi, alionesha kwamba pesa za utalii peke yake zina makali pande mbili. Aliyeajiriwa hapati muda wa kuwinda wala kufyeka, ni kweli, lakini mshahara huohuo unaweza kumnunulia msumeno wa mashine na kumlipia kibarua wa kupanua shamba. Kwa hiyo anayetetea loji za msituni kwa hesabu ya mapato tu anasimama mahali pabovu. Hata hivyo Stronza alihitimisha pia kwamba kushiriki katika umiliki na uendeshaji huenda kukawa kichocheo cha uhifadhi kinachozidi fedha yenyewe. Hilo linaendana na mambo ya tai: familia haikupewa ujira wa kulinda, ilipewa nafasi ya kuwa mwenye kiota.

Msomaji wa Afrika Mashariki atakumbuka Bwindi, na ulinganisho huo unasaidia. Uganda hugawia jamii jirani asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini, na kule Nkuringo loji ya Clouds ilijengwa kwa ubia kati ya jamii na mwekezaji. Ni hatua ya maana. Lakini kibali cha kumwona sokwe kinauzwa na mamlaka ya serikali, na idadi ya wageni hupangwa na mamlaka hiyohiyo. Mwanakijiji anapokea sehemu ya pato la uamuzi ambao hakuufanya. Sisemi kwamba sokwe wa milimani wangesalimika bila dola, kwani hatari zao ni nyingine kabisa. Nasema tu kwamba kugawana mapato na kugawana uamuzi ni mambo mawili, na ripoti nyingi za maendeleo huyaandika kana kwamba ni moja.

Mkataba una mipaka yake pia. Peru ilipofunga mipaka yake Machi 2020 kwa ajili ya UVIKO-19, ada ya kiota haikuwa na wa kuilipa. Wachimba dhahabu walioharibu msitu wa La Pampa katika mkoa huohuo, hata serikali ikapeleka askari mwaka 2019, hawakusaini chochote na Infierno. Dhidi ya hatari kama hizo kinachosimama ni ile hati ya 1976 na Hifadhi ya Taifa ya Tambopata iliyoanzishwa 2000. Loji ni nyongeza juu ya msingi huo, na anayetaka kuiga mpango huu mahali ambapo kijiji hakina hati ataiga paa bila nguzo.

Na kuna sehemu moja ya lile lengo la jamii kuendesha loji yenyewe ambayo miaka 20 haikuirahisisha. Kuongoza wageni, kupika, kutengeneza injini ya boti, hata kutunza vitabu vya hesabu, vyote hivyo vijana wa Infierno wanaweza kujifunzia palepale mtoni. Kumpata mgeni kutoka Ujerumani au Marekani na kumshawishi alipe miezi kadhaa kabla ya safari ni kazi inayofanyika mbali na msitu, kwenye ofisi za mjini na mitandao ya mawakala, na huko mshirika aliyekuja na mtaji ndiye mwenye majina na simu za wateja. Anayeandaa mkataba wa namna hii leo, iwe Madre de Dios au Usambara, aanze kubishania hapo: nani anashika orodha ya wateja, na mafunzo ya kuuza yanaanza mwaka wa kwanza au wa kumi na tisa.