Fuwele hazikutosha: jinsi insulini ilivyosafishwa

Kwa miaka mingi insulini ya kongosho za ng'ombe na nguruwe ilihesabiwa kuwa safi kwa kuwa iliganda ikawa fuwele. John Jacob Abel aliipata katika hali hiyo mwaka 1926, na watengenezaji wakazoea kuiyeyusha na kuigandisha upya, tena na tena. Hata hivyo wagonjwa wengi walijenga kingamwili dhidi ya dawa hiyo, na baadhi yao ngozi ilibonyea walipojichoma sindano. Molekuli zinazofanana na insulini huganda pamoja nayo, kwa hiyo hata ukirudia kazi hiyo mara kumi, nazo zimo.

Mwaka 1967 Donald Steiner, wa Chuo Kikuu cha Chicago, alitangaza ugunduzi wa proinsulini, mnyororo mrefu ambao mwili huukata ili kupata insulini. Punde ikaonekana kwamba imo pia katika dawa. Ilipaswa iondolewe kwa kitu kinachoitofautisha na insulini, na cha kwanza kilikuwa ukubwa: insulini ina uzito wa daltoni 5,800 hivi, proinsulini inakaribia 9,000 au kuzidi.

Kolamu inayotenganisha kwa ukubwa ni bomba lililojazwa punje za jeli zenye vitundu. Jeli mashuhuri ya aina hii, Sephadex, ilitokana na kazi ya Jerker Porath na Per Flodin, waliyoichapisha mwaka 1959 huko Sweden. Protini kubwa haiingii vitunduni, hivyo hupita kati ya punje na kutoka mapema, kama lori linaloshika barabara kuu huku bodaboda zikizunguka vichochoroni. Insulini hutoka nyuma yake.

Hapa pana mtego. Zinki hufunga molekuli sita za insulini kuwa fungu moja la daltoni 35,000 hivi. Fungu hilo likiingia kwenye kolamu litatoka mapema, limechanganyika na uchafu uleule unaokimbiwa. Ndiyo maana kolamu iliendeshwa kwa asidi ya asetiki: asidi huachanisha zinki na insulini, na fungu huvunjika. Kipimo cha mionzi ya urujuanimno kikiwekwa mdomoni mwa kolamu huchora vilele vitatu: a (protini kubwa), b (proinsulini na jamaa zake) na c (insulini).

Kilele cha c kilionekana kimoja, lakini ndani yake mlijificha desamido-insulini, yaani insulini iliyopoteza kikundi kimoja cha amidi. Uzito wake unatofautiana na wa insulini kwa daltoni moja tu. Ungerefusha kolamu ya jeli upendavyo, usingezitenganisha. Ila badiliko hilo huongeza chaji hasi moja, na chaji ina kolamu yake.

Katika kolamu ya kubadilishana ioni, punje zenye chaji chanya hunasa protini zenye chaji hasi. Insulini huwa na chaji hasi pH ikizidi 5.3 hivi, basi bafa, yaani mmumunyo unaodhibiti pH, huwekwa juu ya hapo. Kisha chumvi huongezwa kidogo kidogo, ioni zake zikigombea nafasi kwenye punje. Insulini huachia kwanza. Desamido, iliyoshikwa kwa nguvu zaidi, hufuata. Kwa hatua hizi za ziada, proinsulini iliyokuwa ikihesabiwa kwa maelfu ya sehemu katika milioni ilishuka chini ya 10.

Insulini inayotengenezwa kwa bakteria, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982, haikufuta kanuni hiyo. Ilileta uchafu mwingine, ikaongezewa kolamu ya tatu inayotenganisha kwa kiasi ambacho molekuli hukwepa maji. Anayepanga kusafisha protini aanze kwa kuuliza uchafu wake unatofautiana nayo kwa lipi: ukubwa, chaji au uhusiano wake na maji. Kilele kimoja kwenye mchoro kinathibitisha usafi kwa kigezo kilichotumika tu. Kigezo kingine kinadai kolamu nyingine.