Mlango Haukupaswa Kufunguliwa

Mliokuwa ukumbini Remera, hapa Kigali, Jumamosi ile, kwenye kikao cha wazazi kuhusu tiba ya tabia, na ninyi mliotumiwa video baadaye kwenye makundi ya wazazi, rudini dakika ya 18. Mvulana wa miaka sita hivi ameketi mezani. Mbele yake kuna kadi za picha, kazi yake ni kulinganisha tunda na tunda. Ameshalinganisha nne. Ya tano inawekwa, anaisukuma. Inarudishwa, anaisukuma tena, na safari hii anageuza shingo kuutazama mlango. Mtaalamu anarudia amri kwa sauti ileile tulivu: "Linganisha." Mtoto anaifagia meza kwa mkono mzima. Kadi zinaruka, moja inatua juu ya kiatu cha baba mmoja aliyeketi mstari wa mbele. Mtaalamu anainuka, anamshika mtoto kiwiko bila hasira, anafungua mlango, anamkalisha kwenye kiti cha barazani na kuwasha saa ya simu. Dakika mbili. Kisha anawageukia wazazi: "Mmeona? Akitupa, anatoka."

Watu wakapiga makofi. Kalamu zikakimbia kwenye madaftari.

Uamuzi ule ulikuwa kosa. Wala siuiti kosa la mtindo, ambalo wataalamu wawili wanaweza kutofautiana juu yake wakinywa chai. Ni kosa la msingi, na lilifanywa mbele ya watu waliokuja kujifunza, kwa hiyo limekwenda nyumbani na kila aliyekuwa na daftari.

Mtoto alikuwa anatafuta nini? Mlango. Aliutazama kabla ya kutupa, video inaonyesha. Akapewa nini? Mlango. Andikeni zile safu tatu mnazozijua. Kilichotangulia: amri ya tano, mbele ya ukumbi uliojaa wageni. Tabia: kufagia meza. Kilichofuata: kazi imekatika, macho ya wageni yameondoka, taa kali ya ukumbi imeondoka, na kuna kiti barazani penye upepo. Sikilizeni sauti ya nyuma wakati mtaalamu anaendelea kuhutubia. Mtoto anaimba puani, taratibu, namna anavyoimba mtoto aliyetua mzigo. Kutengwa kunaadhibu pale tu mtoto anapotolewa mahali anapopapenda. Huyu alitolewa mahali alipopachoka. Alilipwa.

Na malipo yalifanya kazi yake mbele ya macho yetu. Mara ya kwanza alilinganisha kadi nne kabla ya kutupa. Aliporudishwa, dakika ya 21, alilinganisha moja. Akatolewa tena. Dakika ya 25 kadi ya kwanza haikuwa hata imegusa meza. Nne, moja, sifuri. Hesabu hiyo ndiyo data ya kikao kizima, na hakuna aliyeiandika. Mtaalamu aliyefunzwa vizuri angesimama kwenye ile moja na kujiuliza kwa nini adhabu yake inaongeza kile anachotaka kukipunguza.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1977 Solnick, Rincover na Peterson walichapisha habari za msichana wa miaka sita mwenye usonji ambaye ghasia zake zilizidi kila alipotengwa, kwa sababu kule kutengwa kulimpa nafasi ya kujichezea vidole na miondoko yake kwa raha. Miaka sita, kama huyu wetu. Mwaka 1982 Brian Iwata na wenzake, kule Baltimore, waliwaweka watoto waliokuwa wakijiumiza katika hali nne tofauti, ili wajue kwanza tabia inamletea mtoto nini: uangalizi, kukimbia kazi, au raha ya mwili wenyewe. Tangu hapo, kuchagua jibu kabla ya kujua kazi ya tabia ni sawa na kutoa dawa ya malaria kwa kila mwenye homa. Yapata nusu karne, bado tunafungua mlango.

Kuna sauti nyingine kwenye video, na hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kabla kadi ya tano haijarudishwa, mama wa mtoto, aliyekuwa amesimamishwa ukutani, anasema kwa sauti ya chini: "Arananiwe." Amechoka. Mtaalamu alisikia. Alitabasamu, akamwambia: "Mama, tafadhali usimtetee."

Tafsiri sahihi ya tabia ilikuwa imetolewa ukumbini, sekunde kadhaa kabla ya tukio, na mtu pekee aliyemjua mtoto. Ikaitwa utetezi. Kikao kilitangazwa kuwa ni cha kuwasaidia wazazi waielewe tiba ya tabia. Wazazi wote wakajifunza kwamba wanachokijua kuhusu watoto wao ni kizuizi cha tiba.

Mengine yalikuwa sawa: kiti kilimtosha mtoto, amri zilikuwa fupi, sifa ilikuja papo hapo, biskuti ilikatwa vipande vidogo.

Nini kingefanywa? Ule msukumo wa kwanza wa kadi ni lugha tayari. Ndipo unapomwekea karibu na mkono kadi moja ya kuomba mapumziko, unamwongoza aichukue na kuitoa, unampa nusu dakika ya kupumua, kisha unarudi na kadi moja rahisi. Edward Carr na Mark Durand walionyesha mwaka 1985 kwamba mtoto anayeghasi kwa sababu kazi ni ngumu, akifundishwa namna ya kuomba msaada, ghasia hupungua, kwa kuwa ombi linamfikisha kulekule kwa jasho dogo. Na kama umechelewa, kadi zimekwisha kuruka? Usifungue mlango, usihutubie. Punguza kazi ibaki kadi moja anayoiweza hata usingizini, msaidie aimalize, umwonyeshe namna ya kuomba kupumzika, halafu mpe hayo mapumziko. Atatoka, ndiyo, ila atakuwa ametoka kwa kuomba.

Mnaonisoma siku nyingi mnajua nitafika kwenye kadi, basi nifike. Zile za Jumamosi zilikuwa na cheri na stroberi za kuchorwa. Soko la Kimironko limejaa ibinyomoro, marakuja, maparachichi na ndizi za kila aina, na mtoto wa Kigali bado analinganishiwa matunda ya kitabu cha wageni. Niliandika haya zamani, nitayaandika tena. Sehemu ya uchovu wa yule mvulana ilitoka hapo: aliombwa alinganishe maumbo yasiyo na ladha wala harufu kwake.

Jambo la pili ninalolibeba moyoni ni vyeti. Bodi ya Marekani inayothibitisha wachambuzi wa tabia iliamua kwamba kuanzia 2023 haitapokea waombaji wapya isipokuwa kutoka nchi chache, na zetu hazimo. Nililalamika wakati ule na sijaacha. Pengo lile limejazwa na kozi fupi, za wiki moja hivi, zinazofundisha hatua bila sababu za hatua. Mtu anarudi akijua dakika mbili za kutengwa na hajui swali linalotangulia. Simlaumu yule mtaalamu wa Remera peke yake. Alifanya alichofundishwa, tena kwa upole. Lakini waliomfundisha walimnyima kitu cha kwanza.

Halafu kuna ile ripoti ya 1987. Kila semina lazima mtu aitaje: Ivar Lovaas, saa 40 kwa wiki, watoto 9 kati ya 19 wakaingia darasa la kawaida. Wazazi wasio na uwezo wa kulipia saa nne wanaondoka wameinamisha vichwa. Hawaambiwi kwamba katika kazi yake ya awali pale Los Angeles watoto walipigwa makofi. Hawaambiwi pia kwamba watu wazima wenye usonji wamekuwa wakisema kwa miaka sasa kuwa mafunzo ya namna hiyo yaliwanyang'anya uwezo wa kusema hapana. Na ninachokililia zaidi ni ripoti ya Lovaas huyohuyo na wenzake ya mwaka 1973, ambayo sijawahi kuisikia katika ukumbi wowote wa mji huu. Walifuatilia watoto 20 baada ya tiba. Waliorudi kwa wazazi waliofundishwa mbinu waliendelea kupiga hatua. Waliopelekwa kwenye taasisi walipoteza walichokipata. Huo ndio ujumbe wa kuanzia kikao cha wazazi.

Eric Schopler aliuelewa mapema. Wakati wakubwa wa fani walikuwa bado wanawalaumu akina mama kwa ubaridi wa moyo, yeye kule North Carolina aliwaingiza wazazi chumbani wawe watibabu wenza, na mwaka 1972 jimbo likaufanya mpango wake kuwa huduma ya umma. Kwake mzazi naye aliketi mezani na mtoto, mtaalamu akatazama. Geuzeni picha ile ya Remera na mtaona tulivyopoteza njia: mtaalamu mezani, mama ukutani.

Nami nina shujaa wangu wa hapa, mama mtu mzima wa Nyamirambo asiyekuwa na cheti chochote cha fani hii, aliyekuwa akizunguka nyumba za jirani zenye watoto wagumu. Alikuwa anakuja na beseni la maharage. Anakaa chini, anachambua, hamwiti mtoto. Mtoto akisogea anaachiwa nafasi, akitia mkono maharageni anaachwa, akianza kukunja uso beseni linasogezwa pembeni kabla hajalia. "Ukingoja alie umechelewa," alikuwa akiwaambia akina mama, na anawapa beseni wajaribu wenyewe huku yeye akitazama. Alichokuwa akifanya kwa maharage ndicho Carr na Durand walichokiandika kwa takwimu.

Na hakuna haja ya kungoja wageni. Mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani ni vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na yametungwa ili yaendeshwe na wasio mabingwa. Huko Goa na Rawalpindi, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulitumia wahudumu wa kawaida: wanamrekodi mama akicheza na mwanawe, kisha wanaitazama video pamoja naye na kumwonyesha pale alipomsoma mtoto vizuri. Sisi tuna abajyanama b'ubuzima, wahudumu wa afya wa jamii, katika kila mudugudu, yaani kila kijiji. Tuna simu za kurekodi. Jumamosi tulirekodi pia, ila kamera ilimwelekea mtaalamu.

Nilimkuta yule mama baadaye kituo cha basi. Daftari lake lilikuwa na mstari mmoja uliopigiwa mstari chini: "Akitupa, nje, dakika 2."

"Sisi tumepanga chumba kimoja," akaniambia, "na nje ya mlango ni barabara ya pikipiki. Nimtoe niende naye wapi?"

Nikamuuliza nyumbani anatupa nini, na saa ngapi. Hakusita. Sahani, jioni, redio ikiwa juu na yeye kaambiwa avue sare. Huanza kwa kujisugua sikio. Redio ikipunguzwa kwanza, sare inavuliwa bila neno. Safu zote tatu zilikuwamo, na dalili ya mapema juu yake, na hata tiba alikuwa nayo.

Nilimwomba aufute ule mstari na aandike hayo aliyoniambia, kwa Kinyarwanda, kwa maneno yake. Aliandika amesimama, daftari kaliegemeza kwenye nguzo, hadi basi la Kimironko likaja.