Kurasa Thelathini na Mbili

Karibu kila kitu kisichovuliwa wala kulimwa katika kisiwa cha Rukuba, Ziwa Victoria, hufika kwa chombo: unga, sabuni, madaftari, mafuta ya kupikia na soda huvuka maji kutoka bara ya Musoma, na baada ya unga kuliwa na sabuni kuyeyuka, kifungashio hubaki kisiwani, kwa kuwa mwenye mtumbwi arudipo hupakia abiria na dagaa, na ni nadra apakie chupa tupu. Mtoto azaliwaye hapo huona kandambili iliyokatika ukanda imelala mchangani, kando ya dagaa walioanikwa, asijue imetoka wapi wala itakwenda wapi. Kumkusanyia mtoto huyo mwanzo na mwisho wa kandambili ile katika kitu kinachoweza kukaa mapajani mwake ni kazi ya mchora vitabu vya watoto, nami kazi hiyo naihesabu miongoni mwa sanaa aali za zama zetu, ijapokuwa wengi huidhania mchezo.

Kitabu cha picha kwa desturi kina kurasa 32, maana karatasi kubwa ya matbaa hukunjwa ikatoa kurasa kwa mafungu ya nane au kumi na sita, na ndani ya mipaka hiyo fundi hana mstari wa kupoteza. Jambo lililosemwa na picha hawezi kulirudia kwa maneno bila kulidhoofisha, na neno alilolibakiza lazima lifanye kazi ambayo rangi haiwezi. Lakini ustadi wake mkuu umo katika kule kupindua ukurasa. Upande wa kulia, mfuko wa rambo umepeperuka juu ya maji. Mtoto hushika pembe ya karatasi, akaishikilia kitambo, akapindua. Na hapo mfuko uleule umo chini, umechanika vipande vidogo, na furu anavikaribia akidhani ni chakula. Ziwani, baina ya picha hizo mbili hupita miaka mingi, wala hakuna jicho liwezalo kuikesha. Fundi ameikunja miaka hiyo katika unene wa karatasi moja, na mtoto ameivuka kwa kidole chake mwenyewe, jambo ambalo hotuba ndefu ya mtu mzima hailipati.

Mfano bora nilioupata wa kitabu cha namna hii ulianzia Lamu. Huko fundi wa majahazi Ali Skanda na wenzake, waliorithi kazi ya tezo na msumeno kwa wazee wao, waliyeyusha plastiki iliyookotwa, wakaimimina ikawa mithili ya mbao, wakachonga mkuku na mataruma, kisha wakauvika ubavu wa chombo kandambili 30,000 za kila rangi. Flipflopi, ndilo jina la chombo hicho, kilishushwa majini mwaka 2018, mwaka uliofuata kikasafiri hadi Zanzibar, na mwaka 2021 kikafika Ziwa Victoria, ziwa lenye kilomita za mraba zipatazo 68,800 na mto mmoja tu wa kuyatoa maji yake, Naili, unaoanzia Jinja. Habari zake zikaja kuwa kitabu cha picha mwaka 2023, kilichoandikwa na Linda Ravin Lodding pamoja na Dipesh Pabari na kuchorwa na Michael Machira Mwangi. Napenda taratibu hiyo: mikono ilitangulia, kitabu kikafuata, hata mtoto akiuliza kama mambo haya ni ya kweli, mwalimu hana haja ya kusitasita.

Na mwalimu naye ni fundi. Picha haina lugha, basi yeye hukiinua kitabu mbele ya kifua chake, akakisimulia kwa Kiswahili na, panapohitajika, kwa Kijita, akinyamaza mahali pa kunyamaza. Nchi yetu ya Tanzania ina asili katika jambo hili: mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima walikusanyika vikundi vikundi kusikiliza redio na kujadili vijitabu juu ya usafi wa kaya zao. Sheria nayo ilikuja. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Tanzania Bara, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Ila sheria hukutana na mtu dukani, akiwa mkubwa tayari. Kitabu hukutana naye akiwa bado anafunga mifuko kwa kamba ili apate mpira wa chandimu, yaani akiwa tayari ni mrejelezaji hodari, asiyeambiwa bado kwamba alifanyalo lina heshima.

Kwa hiyo namwomba mchoraji atakayeichora Rukuba asianze na kasa anayelia, kwani kasa wa baharini hayumo katika maji haya na machozi si mwanzo mwema. Achore sangara, sato na dagaa, karabai na nyavu, na maboya yaliyochongwa kwa ndala kuukuu. Na katika ukurasa wa kwanza achore kandambili ikiwa bado mguuni, mpya, na mtoto aliyeivaa akishuka mtumbwini, maji yakimfika kwenye vifundo.